Siku Niliyoisimamisha Bendi ya Shule Mvumi

Nilikwenda Mvumi na bendi ya shule nikitafuta sababu ya kumtoa binti yangu ndani yake. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mpenda muziki. Pendo yuko kidato cha pili, na tangu aanze kupiga ngoma ndogo, ile ya kuvaliwa begani, alama zake za hesabu zilikuwa zikishuka kama maji ya kisima chetu mwezi wa kumi. Mimi ni mwandishi wa makala, na katika moja ya makala hizo niliwahi kuziita bendi za shule "kelele zilizovaa sare". Hoja nilikuwa nayo. Kilichobaki ni kutoa hukumu.

Mwalimu Chilongani, anayefundisha jiografia mchana na bendi jioni, alikuja nyumbani kwetu Mkonze kunisikiliza. Alikunywa chai vikombe viwili bila kunikatisha. Kisha akasema:

"Mama Pendo, sibishani nawe. Jumamosi tumealikwa kupiga kwenye mahafali ya sekondari moja kule Mvumi. Twende pamoja. Jioni tukirudi, ukisema mtoto atoke, nitaipokea ngoma yake kwa mikono yangu, na sitakuuliza kwa nini."

Pendo alikuwa karibu nasi akijifanya anafuta meza. Alifuta sehemu moja hiyohiyo mpaka nikaogopa rangi ya mbao itatoka.

Nikakubali. Siku moja ya vumbi kumaliza ubishi wa muhula mzima. Niliona mpango mzuri.

Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa tuliyoambiana. Pendo alishatangulia gizagiza. Mimi nilifika uwanja wa shule saa kumi na mbili na robo, nikiwa na mkoba, mwavuli, chupa ya chai na kisingizio kilichokamilika kila upande. Wanabendi walikuwa wamesimama mistari miwili kando ya basi la shule, vyombo miguuni, tarumbeta zimesuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka zinang'aa kuliko jua lenyewe, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa likichungulia.

"Shikamoo, mama!" walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mnajua, huyu mlinzi wetu na funguo zake..."

Kabla sijafika kwenye funguo, kijana mmoja mrefu akanisogezea ngoma kubwa, ile besi yenye ukubwa wa gurudumu la trekta. Huyu aliitwa Issa, kidato cha tatu, mpiga tarumbeta, mzaliwa wa Kondoa anayeishi kwa mjomba wake hapa mjini.

"Samahani sana, mama. Anayechelewa ndiye anayeipakia ngoma kubwa. Ni sheria."

"Hata mgeni?"

"Hata Mwalimu ameshaipakia. Mara mbili."

"Mara moja," alisema Mwalimu Chilongani kutoka mlango wa basi.

"Mara mbili, Mwalimu. Ile ya pili ulisema ni pancha."

Nikaikumbatia ngoma. Nilipanda nayo ngazi za basi kwa ubavu, kama mtu anayehamisha kabati, nikasikia nyuma yangu vicheko vilivyobanwa kwa adabu vikitoroka kimojakimoja. Ngoma ikapewa kiti cha dirishani. Mimi nikapewa kile kilichobaki.

Hapo ndipo Mwalimu alipohesabu watu na kukuta pengo. Yohana, mpiga matoazi, alikuwa kalala na malaria. Simu ya mama yake ilikuwa imeingia muda huohuo. Kila mtu mwingine mikono yake ilikuwa na kazi. Mwalimu akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha macho yake yakatua juu yangu yakakaa, kama ya mnunuzi wa mbuzi mnadani.

"Mama Pendo, mikono yako leo ina kazi gani?"

"Mwalimu!" Pendo aliruka kutoka kiti cha nyuma. "Mtu yeyote, Mwalimu. Lakini si mama!"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kukataa. Ile sauti ya mwanangu ndiyo iliyonifanya nikifunge, nikifungue upya na kusema niko tayari.

Saa moja kasoro tulikuwa tumelivuka jiji, tukaipita mitaa ya majengo ya wizara yenye vioo vinavyokuumiza macho, tukashika barabara ya Morogoro. Nje, mashamba ya zabibu yalikuwa yamekatwa matawi, visiki vyeusi vimesimama kwa safu zao. Ndani, binti yangu alinipa kandambili mbili nizipige kama matoazi, akaanza kunifundisha.

"Nne za kwanza unanyamaza. Nne za pili unapiga ile ya mwisho. Moja, mbili, tatu, PAA."

Nikapiga.

"Mama, unakimbilia wapi? Hiyo ni tatu."

Nikapiga tena.

"Hiyo ni tano. Hatuna tano. Usiuangalie mkono wangu, sikiliza besi."

Nina shahada mbili, wasomaji wangu, na hakuna hata moja iliyonifundisha kuhesabu hadi nne nikiwa nafanya jambo jingine. Lakini nilichokiona zaidi ni mwalimu wangu. Nyumbani Pendo hunijibu kwa mabega. Hapa aliniangalia machoni, akarudia maneno yaleyale mara saba bila kununa, na nilipopata aliniambia "ndiyo hiyo" kwa sauti ndogo, tena bila kunisifia kupita kiasi. Baadaye Issa alinieleza kwamba katika bendi yao kila chombo kina watu wawili, mkubwa anayekipiga na mdogo anayejifunza, na mkubwa haruhusiwi kuaga shule kabla mdogo wake hajaweza kupiga peke yake. Pendo alikuwa na mdogo wake, msichana wa kidato cha kwanza, ambaye kama wadogo wote hasafiri na bendi mpaka aweze. Alikuwa amefundisha mwezi mzima kabla ya kukutana na mwanafunzi mgumu kama mimi.

"Sasa jambo kubwa, mama," alisema. "Usipige mara mbili mfululizo. Kamwe. PAA-PAA maana yake bendi inakata. Wote tunanyamaza na kusimama hapohapo."

"Kwani kiongozi mwenye fimbo kazi yake nini?"

"Vumbi la kwetu unalijua. Walio nyuma hawaioni fimbo. Wanasikia matoazi."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Kuelewa hakujawahi kuwa tatizo langu.

Saa mbili tulisimama Chamwino kunywa chai. Palikuwa na maofisa waliovalia nadhifu wakinywa supu kabla ya shughuli zao za Jumamosi, na wakulima waliokuja na magunia ya karanga, na katikati yao vijana wangu wa bendi wakajigawa makundi mawili ambayo sikuyaelewa mpaka nilipoyaona yakila. Wapiga ngoma walichukua chapati zinazochuruzika mafuta. Wapiga tarumbeta na tromboni walikunywa chai ya rangi kwa viazi vitamu vya kuchemsha, nyuso zao zimejaa huzuni ya watawa.

"Mafuta yanateleza mdomoni," Issa alinifafanulia. "Ukila chapati, tarumbeta inalia kama ndama."

Mpiga ngoma mmoja akamsogezea chapati yake puani. "Issa, nusa tu. Kunusa si dhambi."

"Endelea. Sisi wa Kondoa tumezaliwa mlimani, pumzi tunayo. Wewe una nini? Fimbo mbili."

"Na chapati mbili."

Walicheka wote, pamoja na wale wa viazi. Nilikaa nikiwatazama. Mtoto wa mkurugenzi aliyehamia na serikali alikuwa akimmenyea kiazi mtoto wa mfugaji, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameshika tromboni. Kisha msichana mmoja mwembamba akakohoa kwa heshima.

"Mama, samahani. Ni kweli wewe ndiye uliyeandika kwamba bendi ni kelele zilizovaa sare?"

Pendo akazama ndani ya kikombe chake.

"Nilikuwa bado kijana," nilisema.

"Ilitoka mwaka jana, mama."

Nikaomba chapati ya pili. Mimi sikuwa mpiga tarumbeta, na hilo lilikuwa faraja yangu pekee.

Baada ya Chamwino tuliiacha lami. Barabara ya vumbi ilielekea kusini katikati ya mashamba yaliyovunwa, mabua ya uwele yamelala, makundi ya ng'ombe yakivuka taratibu mbele yetu. Upepo wa kiangazi uliinua vimbunga vidogo vya mchanga vilivyotembea peke yavyo mbugani. Vijana waliimba sehemu zao kwa mdomo, kila mmoja chombo chake, na basi zima likageuka bendi isiyo na vyombo. Nilijikuta nikipiga kandambili bila kuombwa.

Saa tatu na nusu tulifika. Mkuu wa shule, mama mrefu mwenye miwani, alitupokea getini.

"Mbukwenyi!" alisema kwa Kigogo.

"Mbukwa!" tulijibu, mimi nikiwa nyuma kwa sekunde moja, kama ilivyokuwa kawaida yangu siku ile.

"Karibuni sana. Mwaka jana wahitimu wangu waliingia kwa spika. Umeme ukakatika katikati, wakamalizia njia kimya kama wanakwenda mazikoni. Wazazi wengine wakainamisha vichwa kabisa." Akacheka, lakini hakuwa anatania. "Leo nimesema waingie na watu wanaopumua."

Nilivalishwa koti la Yohana. Yohana ni mwembamba. Vifungo viwili vya juu vilikubali baada ya majadiliano, vya chini vikakataa undugu. Kofia yenye manyoya mekundu ilinikaa vizuri, na nakiri mbele yenu kwamba nilijitazama kwenye kioo cha basi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa sita tulijipanga. Kutoka getini hadi kwenye turubai la wageni kulikuwa na njia ndefu ya mchanga, wazazi wamejaa pande zote mbili, wahitimu wametulia nyuma yetu kwenye majoho ya bluu. Niliwekwa mstari wa mwisho, pembeni ya besi. Mstari mmoja mbele yangu niliona shingo ya Pendo, imenyooka.

"Mbele, tembea!"

Nikatembea! Sijui niwaelezeje. Mimi ni mtu wa kiti. Lakini besi ilipogonga kifuani mwangu na tarumbeta zikafunguka mbele kama milango ya mbao, miguu yangu ilipata akili ambayo kichwa hakikuwa nayo. Moja, mbili, tatu, PAA. Vumbi lilipanda. Fimbo ya kiongozi ilitoweka kabisa, kama nilivyoambiwa. Moja, mbili, tatu, PAA. Mama mmoja kando ya njia akapiga kigelegele, akaninyooshea kidole, akasema, "Mtazameni huyu wa matoazi!" Wenzake wakaitikia. Nikasikia furaha ikinipanda kutoka nyayoni. Turubai lilikuwa karibu, mgeni rasmi amekaa katikati kwenye kochi jekundu, wazazi wanashangilia, na mimi, kwa furaha tupu, nikapiga PAA, na kwa kuwa ilikuwa nzuri, nikapiga tena.

PAA.

Bendi nzima ikakata. Kwa ukamilifu. Watu ishirini na kitu walisimama mguu mmoja, pumzi moja, na kimya kikaangukia uwanja kama turubai lililokatwa kamba. Wahitimu nyuma yetu, ambao hakuna aliyewafundisha maana ya matoazi, waliendelea hatua mbili na kugongana migongoni. Kofia moja ya mahafali ikabiringika hadi kwenye kiatu changu.

Mgeni rasmi akatutazama. Tulikuwa tumesimama wima hatua kumi kutoka kwake, tumenyamaza, macho mbele. Akadhani tunamtolea heshima. Akainuka, akafunga kifungo cha koti. Alipoinuka, meza kuu ikainuka. Meza kuu ilipoinuka, wazazi wote wakainuka, wazee wakavua kofia. Uwanja mzima ukasimama ukisubiri jambo kubwa, na hapakuwa na jambo. Palikuwa na mimi na matoazi yangu.

Nilitaka ardhi ya Mvumi inimeze, pamoja na koti.

Ndipo nikaiona shingo ya Pendo ikitikisika kidogo. Hakugeuka. Alianza kupiga hatua palepale, taratibu, na fimbo zake zikaanza kunong'ona juu ya ngoma. Peke yake. Haukuwa mwendo wa gwaride. Ulikuwa mdundo mwingine, wenye kuruka na kurudi, kama mtu anayetwanga huku anasimulia. Sikuujua. Lakini nyuma ya turubai, walikokaa kina mama wa kijiji, nilisikia mtu akisema "Hee!" kisha kigelegele, kisha vigelegele kumi. Kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na mtoto huyu wa kuja, aliyehamishiwa Dodoma kwa barua ya kazi ya mama yake, alikuwa akiipiga mbele yao kwa chombo cha gwaride. Besi ikamfuata. Issa akainua tarumbeta, akasubiri, akaingia juu ya mdundo ule kwa sauti ndefu moja tu, na mabega ya kina mama yakaanza kucheza. Wahitimu wakayaona mabega ya mama zao. Wakaingia wakicheza, majoho yanapepea, hata yule aliyepoteza kofia.

Mgeni rasmi alibaki amesimama, akipiga makofi, akiamini mpaka leo kwamba yote yalipangwa kwa ajili yake.

Mimi sikupiga matoazi tena. Niliyashika mbali na kila kitu, kama mtu aliyebeba watoto wawili wa nyoka.

Saa tisa tulikula. Walitupa pilau na kuku, lakini vijana waliomba ugali wa uwele na mlenda, wakapewa kwa shangwe. Nilianza kumwendea kila mtu nikimwomba radhi, nikaanza na Mkuu wa shule, ambaye hakujua ninachozungumzia. Pendo akanishika mkono wa koti.

"Mama, si hapa. Makosa tunasema kwenye basi."

"Lakini lazima nieleze kwamba..."

"Kwenye basi, mama. Na kila mtu la kwake."

Mama mmoja mwenyeji, mikono yake bado ina unga, akaja akasimama mbele ya Pendo. "We mwanangu, nani kakupa mkono ule?"

"Shikamoo, mama. Ni bibi yake Yohana, pale Mkonze. Mwenzetu wa matoazi. Jumapili huwa tunapita kumsalimia."

"Mwambie Mvumi tumemsikia."

Mimi nilikuwa najua kwamba Jumapili Pendo hupita mahali. Niliwahi hata kuandika kwenye daftari langu: achunguzwe. Nikameza tonge la mlenda, ambalo kwa bahati haliulizi ruhusa kooni.

Saa kumi na nusu tulianza kurudi, jua likituchoma ubavu wa kushoto. Basi lilipoingia barabarani, Mwalimu Chilongani akapiga kiti kwa kiganja mara mbili na kelele zikaisha. Desturi yao ni hii: kila baada ya safari, kuanzia mdogo hadi mkubwa, mtu husimama, hujitaja jina, husema kosa lake moja, na wenzake hujibu neno moja tu, "Tumesikia." Hakuna kujieleza. Hakuna kutaja la mwingine. Na lililosemwa kwenye basi halimfuati mtu nje, labda mwenyewe aombe msaada.

"Mimi ni Rehema. Nilikosea mguu kwenye kona ya getini."

"Tumesikia!"

"Mimi ni Issa. Asubuhi nilikula chapati kwa siri."

"Tumesikia!" Kelele, miguu chini, fimbo za ngoma juu ya viti.

"Mimi ni Chilongani. Nilimpa mtu mzima matoazi baada ya somo moja la kandambili."

"TUMESIKIA!"

Kisha wakanigeukia. Nikasimama, nikashika chuma cha juu. "Ndugu zangu, wakati tunakaribia turubai, kwa kuzingatia mazingira ya vumbi na ukweli kwamba hadhira ilikuwa..."

"Fupi, mama!" walipiga kelele.

"Nataka tu ieleweke kwamba mtu ambaye..."

"Fupi!"

Nilijaribu kukumbuka ni lini nilisema kosa langu bila kulivalisha koti. Sikukumbuka.

"Mimi ni Mama Pendo. Nilipiga mara mbili."

"Tumesikia," walijibu, na hawakunicheka. Mtu fulani hata alinipisha kiti nikae. Nilikaa nikishangaa jinsi mwili unavyokuwa mwepesi.

Kwa kawaida Pendo angekuwa ameshasema kabla yangu. Aliomba kuwa wa mwisho. Alisimama akiwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na hakunitazama.

"Mimi ni Pendo. Mtihani wa hesabu wa mwezi huu tulirudishiwa. Nilipata kumi na nane. Nilimwambia mama bado haujasahihishwa. Si kwamba sikusoma. Zile logariti sikuzielewa tangu siku ya kwanza, na niliona haya kuuliza."

Kila mtu ndani ya basi lile alijua kwamba jioni ile ndiyo ya hukumu, na kwamba hukumu ilikuwa mikononi mwangu. Alikuwa ametoka kunipa, kwa hiari yake, ushahidi niliousafiria.

"Tumesikia," walisema, taratibu.

Walikuwa wakinisubiri mimi. Nilikuwa na maneno mengi sana, na sheria ilinipa moja.

"Tumesikia," nilisema.

Issa aligeuka kwenye kiti chake. "Logariti? Hizo mimi nililia nazo mwaka mzima. Ukitaka, niulize."

"Nataka," Pendo alisema.

Saa kumi na mbili jioni tulishuka shuleni Mkonze. Vijana walipakua vyombo bila kuamrishwa, wakavifuta vumbi kabla ya kujifuta wenyewe. Mwalimu Chilongani alikuja kusimama mbele yangu. Sikuhitaji kumtafuta Pendo. Alikuwa ameshaivua ngoma begani, ameishika kwa mikono miwili, ameielekeza kwa Mwalimu.

"Haya, Mama Pendo," Mwalimu alisema. "Niipokee?"

"Subiri kidogo, Mwalimu." Nikamgeukia binti yangu. "Kwa nini umesema leo? Ungenyamaza hadi kesho, ngoma ingebaki kwako."

"Wewe ulisema la kwako, mama. Mbele ya watoto."

Nikamsogelea. "Lile neno la kwenye basi, kwamba hujaelewa, unaweza kulisema darasani?"

Alifikiri. Niliona anafikiri kwa uaminifu, anapima.

"Darasani hawajibu 'tumesikia', mama. Wanacheka."

"Najua."

"Wanacheka sana."

"Leo watu wazima wangapi walisimama mbele yako wakisubiri, na ulikuwa peke yako?"

Aliivuta ngoma, polepole, mpaka kifuani kwake.

"Jumatatu nitauliza," alisema.

"Basi, Mwalimu, hakuna cha kupokea."

Vijana waliokuwa wakijifanya wanafunga masanduku walipiga kelele iliyowatoa ndege kwenye miti ya shule. Zilikuwa kelele, ndiyo, na zilivaa sare.

Watu wataniuliza nimejifunza nini, na ningependa kuwa na jibu linalofaa shahada zangu. Nilidhani bendi humwibia mtoto muda wa masomo. Kumbe yale anayoyafanya pale, kufika kwa wakati, kumfundisha mdogo wake, kumsikiliza mwenzake kabla ya kupiga yeye mwenyewe, kuamua wakati uwanja mzima umesimama, kisha kusema kosa lake kwa maneno machache, ni masomo ambayo mimi niliyahitimu kwa cheti tu. Sisemi hesabu zitapanda kwa sababu ya tarumbeta. Nasema aliyezoea kukosea mbele ya watu na kuendelea na hatua ana silaha ambayo mwoga mwenye daftari safi hana.

Jumatatu Pendo alinyoosha mkono, akasema hajaelewa, na darasa likacheka. Mwalimu wa hesabu akarudi ubaoni, akaanza logariti upya tangu mstari wa kwanza.

"Walicheka sana?" nilimuuliza jioni, akiwa anavua viatu mlangoni.

"Sana," alisema. "Lakini waliocheka ndio waliokuwa wananakili haraka kuliko wote."